Nyigu Wawili Wenye Tumbo Jekundu

Watu wakiniuliza nilifanya nini wakati wa vita ya Ituri, huku Kongo, ninawajibu kweli: nilikuwa ninaangalia nyigu. Wengine hucheka, wengine hukasirika, kama vile ningewaambia nilikuwa nacheza karata kwenye matanga. Basi wakasirike. Nilikuwa mwalimu wa biolojia katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, shule yenyewe ilifungwa siku nyingi kuliko ilivyofunguliwa, na mtu hawezi kukaa kutwa nzima akisikiliza risasi. Dada yangu mdogo, ambaye tuliishi naye ua mmoja, alikuwa fundi wa kushona. Bwana yake alichuuza samaki. Kila juma alishuka Kasenyi, ziwani, akapanda tena na magunia ya makayabu, samaki wa chumvi, na kila aliposhuka hatukujua kama atapanda. Dada alishona huku masikio yake yako barabarani. Mimi nyigu, yeye bwana yake, ndivyo tulivyoishi.

Nyigu ninaowasema si wale wanaojazana kwenye kiota chini ya paa, ukipita wanakuvamia kichwani. Hawa wanaishi mmoja mmoja. Jike anachimba shimo lake mwenyewe ardhini, anawinda kiwavi, anamchoma mwiba mpaka anakufa ganzi, anamburuta shimoni angali hai, anataga yai moja juu yake, anafunga mlango na kwenda zake. Mtoto akitoka kwenye yai anakuta nyama haijaoza. Mama hatamwona kamwe. Ni wapole hawa, hawana habari na mtu, unaweza kulala kifudifudi karibu nao saa nzima na wasikuguse.

Uwanja wangu ulikuwa nyuma ya matanuri ya matofali, karibu na mto Nyamukau, mahali ambapo watu walikuwa wamechota udongo mpaka ikabaki ardhi tupu, ngumu, yenye mchanga kidogo na vichaka vya majani pembeni. Nyigu wanapenda mahali kama hapo. Na hapo walikuwa wa aina mbili, au labda moja, hiyo ndiyo ilikuwa kesi. Wote weusi. Wote kiuno chembamba kama uzi. Wote tumbo jekundu lenye ncha nyeusi. Profesa aliyenifundisha chuoni, mjini Kisangani, kabla barabara hazijakatika aliamini kwamba upande wetu lazima wako wawili. Akanipa kazi: nionyeshe namna mtu anavyoweza kuwatofautisha wakiwa hai, palepale uwanjani, bila kuwaua wote. Barua zake zilikuja na ndege ndogo, mfukoni mwa yeyote aliyekubali kuzibeba, na zote zilikuwa fupi na kali. Sheria yake ilikuwa moja: nyigu ambaye hukumgeuza chali chini ya lupe, kile kioo cha kukuzia, usimpe jina. Andika "sijui".

Kaye yangu ya kwanza, daftari la uwanjani, ilijaa sijui. Sijui, sijui, sijui, kurasa nzima. Nilikasirika mpaka nikamwandikia kwamba kama ni kutojua, ningeweza kutojua nikiwa nyumbani, kivulini. Hakunijibu hiyo.

Nilianza na rangi, kama kila mjinga. Nilijiambia aliyekolea wekundu ni wa kwanza, aliyefifia ni wa pili. Wapi! Wekundu unafifia na umri, kama nguo. Halafu nikashika ukubwa: mkubwa huyu, mdogo yule. Hiyo nayo ilikuwa bure. Mtoto wa nyigu aliyewekewa kiwavi mnono anatoka mkubwa, na ndugu yake wa tumbo moja aliyewekewa kiwavi aliyekonda anatoka mdogo, na hawi mkubwa tena maisha yake yote. Alama ya kweli iko kiunoni. Mmoja, kiuno chake ni kirefu na tumbo linanenepa polepole, huwezi kusema linaanzia wapi. Mwingine, kiuno ni kifupi halafu tumbo linavimba ghafla, kama kibuyu na shingo yake. Lakini hiyo unaiona ukiwa umemshika. Akiwa anakimbia juu ya ardhi hatua mbili mbele yako, unaona kitu cheusi na chekundu, basi.

Kuwashika nako kulikuwa shughuli. Dada alinishonea wavu kwa kipande cha chandarua, akauzungushia waya. Pini nilichukua kwenye kopo lake la kushonea, na alinitukana kila alipokuta limepungua. Dawa ya kuwaulia haikupatikana tena Bunia, kwa hiyo niliwatia kwenye chupa za penisilini zenye pamba iliyoloweshwa lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Nyigu wangu wote walikufa wamelewa.

Aliyenifungua macho ni shemeki wangu, bwana ya dada. Jumapili moja baada ya misa alinifuata uwanjani. Alikuwa mtu wa maneno, hapiti bila kunitania, na tangu mwanzo aliniita shemeki kwa sauti ya kuvuta, kama anayeuza kitu.

"Shemeki, batu banasoma droit, mambo ya sheria, banasoma udaktari, weye umesoma manyigu. Sasa nani atakuoa? Nyigu?"

"Afadhali nyigu," nikamwambia. "Yeye hanywi pombe."

"Hanywi pombe! Na ile lotoko unabatilia mu chupa?"

Nikacheka mpaka nyigu niliyekuwa ninamvizia akaruka. Nikamwambia akae kimya, au aende kwake. Akavua viatu, akakaa chini, akaangalia. Hapo ndipo nilipomjua upya. Mtu yule mwenye kelele aliweza kukaa asubuhi nzima bila kusogeza kidole, akiangalia ardhi kama wanavyoangalia maji wale wa ziwani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema baadaye, akijisifu.

Methali hiyo siipendi. Mwenye macho ndiye hasa wa kuambiwa tazama; kipofu utamwambia ya nini? Lakini siku ile ilimfaa. Alinieleza kwamba wachuuzi wa samaki hawatazami samaki mwenyewe, kwa sababu akishakatwa kichwa na kutiwa chumvi, wote wanafanana. Wanatazama kazi ya kisu. Wavuvi wa kijiji hiki wanapasua mgongoni, wa kijiji kile wanapasua tumboni, na ukijua kisu umejua samaki ametoka wapi na amelala siku ngapi.

"Kwa hiyo mi naangalia kazi," akasema. "Hii nyigu yako iko inachimba mikono mitupu. Ile ya asubuhi, kabla ya kuchimba, nyama yake ilikuwa tayari. Ilitundikwa kule ku majani."

Nikageuka. Kweli, kwenye panda ya jani moja, kimo cha kiganja kutoka chini, palikuwa bado na alama ya unyevu mahali kiwavi alipotundikwa. Nyigu wa asubuhi alikuwa amewinda kwanza, akatundika nyama yake juu ili siafu wasiifikie, ndipo akaanza kuchimba. Huyu wa sasa alikuwa anachimba kwanza. Aliweka jiwe dogo mlangoni, akazunguka juu ya mahali pale mara tatu kujifunza njia, akaenda kuwinda. Niliwakamata wote wawili kwa wakati wao, yule wa asubuhi akiwa bado anafunga mlango wake, nikawageuza chali. Wa kwanza kuchimba: kiuno kirefu. Wa kwanza kuwinda: kibuyu.

Mama yangu! Nilimkumbatia shemeki palepale mbele ya wafyatua matofali, bila aibu. Mwaka mzima nilikuwa ninatazama mwili, na jibu lilikuwa kwenye kazi. Tangu siku hiyo niliwafundisha wanafunzi wangu hivi: ukimwona nyigu mwenye tumbo jekundu anachimba, usimtazame yeye. Tazama majani pembeni. Ukiona kiwavi ametundikwa, umemjua. Usipomwona, usiseme haraka kwamba ni yule mwingine, maana siafu nao wana akili zao. Wanapanda, wanaiba, na nyigu anaendelea kuchimba shimo la nyama isiyokuwapo. Ngoja amalize. Anayefika na kiwavi na kwenda moja kwa moja mlangoni ndiye mwenye shimo la zamani, wa kiuno kirefu. Anayefika na kiwavi akazungukazunguka akitafuta pa kuchimba, ndiye wa pili, wa kibuyu.

Nilihitaji kurudia kuona hayo mara nyingi, ili profesa asinipigie kelele, na vita haikunipa nafasi. Uwanja wangu ulikuwa katikati ya mitaa miwili ambayo watu wake walikuwa wameacha kusalimiana. Kulikuwa na bariyeri kila upande: kamba, gogo, vijana wenye bunduki. Mmoja wao, aliyekuwa amechimba dhahabu kwenye migodi ya Kilo kabla ya kubeba silaha, alinikuta nimelala kifudifudi na kijiko mkononi.

"Mama, gramu ngapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kiwavi. Akanitazama, akatazama kiwavi, akasema hata Kilo hajaona mtu maskini namna hii. Lakini akaniacha. Baadaye alikuwa anakuja kuangalia, na kwa kuwa alijua mashimo, alisema mambo ya maana kuhusu udongo.

Hapo bariyeri nao walikuwa na kazi ya kutofautisha. Walitazama pua. Walitazama urefu. Walisikiliza unavyosema neno fulani, wakaamua wewe ni kabila gani, wakakupitisha au wakakupeleka nyuma ya nyumba. Kabila zenyewe sizitaji. Wa Ituri wanazijua, na wengine hazitawasaidia kitu. Familia zetu zimeoana na kuchunga ng'ombe pamoja tangu enzi za babu. Hawakuwa na haya, waliosema kwamba wanajua. Rangi na ukubwa! Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angefanya hivyo, ningempa sifuri. Shemeki alikuwa na pua ya huku na urefu wa kule. Ndiyo maana tulimwogopea kuliko wengine.

Alishuka Kasenyi Jumatatu moja. Dada alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza kufika hapo. Mbili zilikuwa zimeharibika. Alimwambia asiende. Akasema atarudi Ijumaa, mtoto hawezi kuzaliwa kwenye nyumba isiyo na chumvi. Jumatano askari wa kigeni waliokuwa wanashikilia mji waliondoka, na kabla vumbi la magari yao halijatulia, wale wa mitaa hii na wale wa mitaa ile wakaanza kupigania mji. Tulikaa siku nane chini ya kitanda, dada na tumbo lake, mimi na kaye zangu, tukila mihogo mibichi. Mambo mengine ya siku zile siyaandiki. Yako kichwani, yakae huko.

Risasi ziliponyamaza, Ijumaa ilikuwa imepita na nyingine ilikuwa inakuja. Mwanamke mmoja mchuuzi wa samaki, aliyemfahamu shemeki, akaingia uani kwetu bila kubisha hodi. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka ziwani. Alisema pembeni ya ile barabara ya Kasenyi, pale mji unapoanzia, kuna maiti, na mmoja amevaa shati la bluu lenye maua ya njano.

Dada akaacha alichokuwa ameshika. Shati hilo alilishona yeye, na shemeki alishuka amelivaa. Baba mdogo wa shemeki alikuwa ameozesha binti yake mwaka uliotangulia, na kama desturi, wanaume wa familia na marafiki walivaa kitambaa kimoja. Dada alikuwa ameshona mashati yote ya arusi ile. Mjini palikuwa na wanaume wengi wenye shati lile, wa kabila zote.

Baba mdogo aliitwa. Mzee alikaa kwenye kiti, akasema wazi kwamba hawezi kwenda. Mwanaume asingevuka bariyeri ile. Wanawake walikuwa wanapita, wakiwa na beseni kichwani na macho chini. Dada naye asingeweza: kwetu mwenye mimba hatazami maiti, na hata kama desturi isingekuwapo, miguu yake ilikuwa imevimba. Wote wawili wakanigeukia.

"Weye njo unajuaka kutofautisha," dada akasema, akaniita yaya, dada mkubwa. "Yaya, enda uniangalilie."

Akanipa alama, kwa sauti ya fundi anayeeleza kazi, bila kulia. "Shati si kitu, nilishona mengi. Angalia mufuko. Yake peke yake nilitia mufuko wa ndani, ku upande wa moyo, ya kubebea makuta yake, feza ya samaki. Nilishona na uzi mwekundu sababu mweusi iliisha. Tia mukono ndani, utausikia."

"Nitaangalia," nikasema.

"Mama, ukituambia njo yeye, tutalia," mzee akasema. "Ukituambia si yeye, tutangoja. Lakini utuambie."

Nilikwenda na beseni. Sikupelekwa na ujasiri. Nilikwenda kwa sababu nisingeweza kukaa pale wakinitazama. Walikuwa watatu pembeni ya barabara, wamelala karibu na mtaro. Mmoja alikuwa mwanamke. Wa pili sikumwangalia. Wa tatu alikuwa amelala kifudifudi, na lilikuwa lile shati, bluu na njano. Hatua chache mbele walikaa vijana wanne wa bariyeri kwenye gogo. Waliacha kuongea nilipokaribia.

Lazima nieleze jambo ambalo mtu asiyekuwapo hawezi kulijua. Siku zile kumgusa maiti ilikuwa sawa na kusema: huyu ni wangu. Anayemgusa ni ndugu yake, na ndugu yake ni adui kama yeye. Ndiyo maana watu walilala barabarani. Si kwamba hawakuwa na mtu. Watu wao walipita na mabeseni kichwani, wakitazama kwa pembe ya jicho, wakaenda kulia nyumbani.

Nilisimama hatua mbili. Nikamtazama kama ninavyotazama. Shingo ilionekana fupi kwangu. Nywele zilionekana nyingi mno, shemeki alikuwa amenyoa kabla ya kushuka, lakini siku kumi na kitu zilikuwa zimepita. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kifua, mwingine umenyooka, na kiganja kilikuwa kimevimba, si mkono wa mtu yeyote tena. Urefu? Mtu aliyelala na goti limekunjwa hana urefu. Nzi walikuwa wengi. Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kimoja: kupiga magoti, kumgeuza chali, kutia mkono ndani ya shati upande wa moyo.

"Mama, ni wako?" kijana mmoja akauliza kutoka kwenye gogo. Hakuuliza kwa ukali, aliuliza hivi tu, akikwangua kitako cha bunduki kwa ukucha.

"Apana," nikasema. "Ninapita."

Nikapita. Nikaenda mbele mpaka kwenye nyumba zilizoungua, nikakaa nyuma ya ukuta. Halafu nikajipangia. Shingo fupi, nikajiambia. Nywele nyingi. Kama angekuwa yeye, ningesikia kitu moyoni. Mimi, niliyekuwa ninawacheka wanafunzi wanaosema wanasikia kitu moyoni! Mpaka ninafika nyumbani nilikuwa nimeamini nusu. Dada alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Si yeye," nikasema.

"Uliangalia mufuko?"

"Si yeye, ninakuambia."

Alipiga kigelegele kimoja, halafu akakaa chini palepale akalia kwa furaha. Mzee akasema Mungu mkubwa. Nilipewa chai yenye sukari, nusu kijiko, sukari ya mwisho nyumbani, nikainywa yote. Jioni ile watu wa kujitolea wenye vitambaa mdomoni walikusanya maiti wa barabara ile na kuwazika pamoja shimo moja. Nilipata habari kesho yake. Sitaficha: nilisikia nafuu.

Mtoto alizaliwa baada ya majuma matatu, msichana, mzima. Dada alikataa kumpa jina ambalo kwetu hupewa mtoto aliyezaliwa baba akiwa amekufa. Matanga hayakukaliwa. Hakunyoa nywele, hakuvaa nguo ya ujane, na akina baba wadogo hawakuweza kuzungumzia mustakabali wake, nani amrithi au amwoe, kwa sababu yeye ni mke wa mtu aliye safarini. Ndivyo alivyosema kila alipoulizwa: iko safarini. Fundi mwashi mmoja, mtu mwema, mjane, alimtaka miaka mitano, akachoka, akaoa mwingine.

Kazi yangu nilimaliza. Uwanja ulipotulia nilirudi nyuma ya matanuri, nikaona tena na tena nilichotakiwa kuona, nikawageuza chali wote niliowapa jina. Profesa aliandika barua yake ndefu kuliko zote, mistari sita, akisema kazi ni ya kuaminika. Katika shukrani nilitaja mchuuzi mmoja wa samaki. Watu wakaanza kuniletea wadudu kutoka kila upande, niwaambie ni nini, na mara nyingi niliwaambia sijui, na waliniheshimu kwa hilo.

Dada naye alinituma. Mtu akija na uvumi kwamba amemwona shemeki mahali, mimi ndiye wa kwenda. Niliteremka mpaka kwenye migodi ya Kilo kumwangalia mchimbaji ambaye watu walisema ana sauti yake. Alitoka shimoni amejaa tope, akajipaka maji usoni, akanicheka kwa meno ambayo hayakuwa ya shemeki. Nilikwenda Ariwara, siku mbili juu ya lori, kumwangalia mbeba mizigo sokoni. Nikaenda Ariwara tena mwaka mwingine kwa ajili ya muuza chumvi. Hao walikuwa hai. Walinigeukia wenyewe, nikawatazama usoni, na niliporudi nikasema si yeye, ilikuwa kweli. Kila mara dada alisema: "Weye nakuamini, yaya. Ungekuwa mwingine nisingeamini."

Mwaka huu wa karibuni dada alikuja na uvumi wa tatu wa Ariwara. Ilikuwa saa nne asubuhi, alikuwa kwenye cherehani barazani, binti yake ameenda chuoni. Mtu amemwona mwanaume, anafanana kabisa, ana duka la simu. Goti langu siku hizi halikunji. Nikamwambia siendi. Akasema nikamweleze mtu mwingine alama. Nikamwambia hakuna mtu wa kwenda, aache. Akaniuliza, kwa hasira, kwa nini ninamkatia tumaini, na ni mimi mwenyewe niliyesema si yeye. Basi hasira zangu nazo zikapanda, na zilipopanda, likatoka.

"Sikumgeuza," nikasema.

Akaondoa mguu kwenye cherehani. "Nani?"

"Yule wa barabarani. Sikumgeuza, sikutia mkono. Sijui kama mfuko ulikuwapo."

Alichomoa kitambaa chini ya sindano, akakikunja. Halafu akauliza taratibu, swali moja moja, vilevile alivyonipa zile alama.

"Ulisimama wapi?"

"Hatua mbili."

"Bale vijana balikuona?"

"Waliniona. Mmoja aliniuliza kama ni wangu."

"Ukasema nini?"

"Nikasema hapana."

Nilikuwa na maneno yangu tayari. Miaka yote nilikuwa nayo: kwamba wangeniua, kwamba mashati yalikuwa mengi, kwamba hata leo inawezekana kabisa alikuwa mtu mwingine, na duka la simu la Ariwara lipo. Yote ni kweli. Dada alikuwa ananitazama bila chozi.

"Kuogopa, sikukasirikii," akasema. "Hata mi ningeogopa. Na kungoja, nimezoea. Lakini kama ilikuwa yeye, yaya, alilala pale siku zote zile, mutu wake mumoja akafika, akasimama karibu, akamupita."

Nikameza yale maneno yangu.

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilimpita."